Wasomaji Wauliza: Davies na Raga Mbili

SWALI: Mhariri, salaam. Barazani kwetu ubishi haujaisha tangu Ijumaa. Mmoja anasema Jonathan Davies, yule mchezaji raga wa Wales, alifungiwa kwa kupigana uwanjani. Mwingine anasema alifungiwa kwa kuhama timu. Nani mkweli?
Mbishi wa Dunda, Bagamoyo

JIBU: Wa pili yuko karibu, ila Davies hakuhama timu tu, alihama mchezo. Raga ziko mbili. Agosti 1895 klabu za kaskazini mwa England zilikutana hotelini mjini Huddersfield, zikajitenga. Wachezaji wao wengi walikuwa vibarua wa migodi na viwanda, wakataka kufidiwa ujira wanaoupoteza siku ya mechi. Waliobaki wakashikilia ridhaa: ukipokea pesa upande wa pili, huku usirudi. Tangu 1906 waliojitenga wanacheza 13. Wenzao wamebaki na 15.

Davies, mzaliwa wa Trimsaran, Wales, alikuwa namba 10, yaani mpangaji wa mashambulizi, wa klabu ya Neath, kisha Llanelli, na wa timu ya taifa ya Wales. Mwaka 1988 Wales iliwafunga England, Scotland na Ireland, halafu ikaenda New Zealand kupigwa 52–3 na 54–9. Aliporejea aliomba kuzungumza kwenye mkutano mkuu wa chama cha raga cha Wales, akanyimwa. Desemba wakafungwa nyumbani na Romania, yeye akiwa nahodha. Januari 1989 akasaini Widnes, klabu ya raga ya 13, kwa dau lililotajwa magazetini kuwa pauni 230,000, na mlango nyuma yake ukafungwa. Ulifunguka Agosti 1995 raga ya 15 ilipokubali malipo. Mwaka huohuo akarudi raga ya 15, klabu ya Cardiff.

SWALI: Ndugu Mhariri, nafundisha vijana raga ya 15 ufukweni, maji yakipwa. Nataka kuwaonjesha ya 13. Mtu kama Davies alilazimika kubadilisha nini?
Mwalimu wa michezo, Magomeni, Bagamoyo

JIBU: Mwalimu, ustadi wa mikono na miguu alikwenda nao. Kigeni kilikuwa kazi ya asiye na mpira. Namba 10 wa raga ya 15 anaweza kusimama pembeni huku wazito wakigombea mpira chini. Kwenye 13 hakuna rundo la kugombea, na hakuna pa kujificha.

Anza na kuucheza mpira baada ya kukamatwa. Kijana akishaangushwa, wakabaji wamwachie. Asimame wima kwa miguu yote miwili, atazame goli la wapinzani, aweke mpira chini mbele ya mguu, auviringishe nyuma kwa unyayo. Mwenzake aliye nyuma yake aokote. Vijana wako watakosea palepale: watalala na kuusukuma mpira nyuma kwa mkono, kama walivyozoea. Wengine watauviringisha kabla hawajasimama sawasawa, na hilo ni kosa.

Timu ina nafasi 6. Ikikamatwa mara ya sita, mpira unakwenda kwa wapinzani, ndiyo maana baada ya ile ya tano wengi hupiga teke la mbali.

Sasa ulinzi. Kila mpira unapochezwa, walinzi wote isipokuwa wawili walio mbele ya anayeucheza wanarudi mita 10 (Davies alipohamia zilikuwa 5). Panga makumbi ya nazi kila mita 10 mchangani. Walinzi wapande mita 10, wakamate, warudi 10, mara 6: hizo ni kama mita 120, nusu yake kinyumenyume. Wape mapumziko ya dakika 1, rudia mara 4. Mzunguko wa tatu utaona mmoja amegeuka kutazama ngalawa. Hapo ndipo pengo linapozaliwa.

Kukamata nako kunabadilika. Mlinzi mmoja akikumbatia mapaja tu, aliyekamatwa atampasia mwenzake mikono ikiwa huru. Wawili wamkamate: mmoja afunge mpira kifuani, wa pili ashike miguu. Mkono usipande shingoni. Zoezi hili lifanyieni kwenye mchanga mkavu wa juu. Ule wa chini, maji yakipwa, huwa mgumu kama sakafu. Na mpira usuuzeni kwa maji baridi, chumvi inautelezesha.

SWALI: Trai ya Davies kwenye uwanja wa Wembley, London, ilikuwa na nini hata watu waisimulie mpaka leo?
Kijana wa Kaole

JIBU: Oktoba 22, 1994, Uingereza dhidi ya Australia, raga ya 13. Shaun Edwards wa Uingereza alishatolewa uwanjani kwa kukamata juu, wakabaki 12. Davies alicheza namba 1, beki wa mwisho. Alipenya kwenye pengo, akamzunguka Brett Mullins wa Australia kwa nje kwa mbio tupu, akajirusha kona na kuuweka mpira chini ng'ambo ya mstari wa goli: hiyo ndiyo trai. Uingereza ikashinda 8–4. Trai kwenye raga ya 13 ni pointi 4, kwenye raga ya 15 ni 5, kwa hiyo Mbishi wa Dunda asije akazichanganya tena barazani.