Kaguya aliniharibia vita, lakini Naruto sijaitupa

Onyo kwanza. Humu nitasema nani anakufa, nani alikuwa nyuma ya barakoa na nani alimtuma nani. Kama bado uko njiani na Naruto Shippuden, katuni ya Kijapani ya ninja kijana aitwaye Naruto, kamalize kwanza. Sehemu 500 si mchezo, najua, lakini sitaki lawama zako.

Haya, tuliobaki tuzungumze. Dogo wetu nyumbani ameifikia vita kuu ya nne ya ninja, na tangu Zetsu Mweusi amchome kwa nyuma bosi wake, Madara Uchiha, adui mkuu wa vita hiyo, hataki hata kuitaja. Anasema kaibiwa. Namwelewa, maana nami nilinuna hivyohivyo, tena kwa muda mrefu kuliko yeye. Enzi zetu sehemu mpya tulijaziwa kwenye flashi kibandani, tunakimbia nazo nyumbani, halafu tunakuta nusu yake ni kumbukumbu za mambo tuliyokwisha kuyaona. Kwa hiyo ushauri huu unatoka kwa mtu aliyeipenda hadithi hii akiwa shuleni, akaikasirikia, na mpaka leo anaiangalia.

La kwanza ninalomwambia dogo: usiuhukumu mgeuko, yaani pale hadithi inapokugeuzia ulichokiamini, usiku uleule uliouona. Mhusika unayempenda akifa, inauma. Mtunzi akiboronga, inauma pia. Usiku huo huwezi kujua ni uchungu upi kati ya hiyo miwili. Ngoja kidogo, kisha rudi nyuma, tafuta sehemu za zamani zinazohusiana na ule mgeuko, uziangalie upya ukiwa unajua ukweli wote. Jiulize kitu kimoja tu: zimeongezeka uzito au zimepungua?

Mchukue Itachi. Kwa miaka tulimjua kama muuaji. Kafyeka ukoo mzima wa Uchiha kwa usiku mmoja, wazazi wake wakiwamo, akamwacha mdogo wake Sasuke aishi na chuki. Sasuke anautumia ujana wake wote kumwinda. Wanakutana, wanapigana, Itachi anajikokota hadi alipo mdogo wake, anamgusa paji la uso kwa vidole kama alivyozoea kumfanyia utotoni, anaanguka, anakufa. Ndipo yule mwenye barakoa anapomweleza Sasuke kwamba kaka yako aliua kwa amri ya wakubwa wa Konoha, kijiji chao, kwa kuwa Uchiha walikuwa wakipanga mapinduzi, na wewe ndiye pekee ambaye mkono wake ulishindwa kukugusa.

Wenzangu kadhaa waliuita huo utapeli. Walisema mtunzi, Masashi Kishimoto, kabadili mawazo katikati ya safari. Inawezekana kabisa, anayetoa sura mpya kila wiki hawezi kuwa amepanga yote tangu siku ya kwanza. Lakini rudi uangalie. Itachi na mwenzake Kisame wanaingia Konoha muda mfupi tu baada ya Hokage wa Tatu, mkuu wa kijiji, kufa. Mara ya kwanza nilidhani wamemfuata Naruto, basi. Ukishajua siri, safari hiyohiyo inasomeka vingine: mzee aliyeahidi kumlinda Sasuke hayupo tena, na Itachi amekuja kujionyesha ili Danzo na wazee wenzake wajue bado yu hai, wasije wakamgusa mtoto. Hakuna kilichobadilishwa kwenye picha, lakini wewe sasa unaitazama kwa macho mengine kabisa. Mgeuko wa Itachi umefaulu, na kwangu mimi ndio bora kuliko yote iliyomo.

Obito, yule mwenye barakoa, naye anafaulu, ingawa wengi walimkasirikia kwa kuwa tulishamjua. Kakashi, mwalimu wa Naruto, ana jicho la kushoto alilopewa na rafiki yake Obito, aliyefukiwa na mawe. Mwenye barakoa ana tundu moja tu, upande wa kulia. Kijiweni tulishagawanyika makundi muda mrefu kabla ya sura ya 599 kumvua barakoa. Mtu anakasirikaje kwa sababu amepatia? Ukipatia, maana yake mtunzi aliacha nyayo za kufuata. Linalonitatiza kwa Obito ni lingine, kutaka dunia nzima ilale usingizi wa ndoto kwa ajili ya Rin, msichana aliyempenda, lakini hapo tunaweza kubishana hadi asubuhi.

Sasa tuje kwenye iliyoniuma kweli.

Likumbuke pambano la Naruto na Neji kwenye fainali za mtihani wa chunin, cheo cha kati cha ninja. Neji ni mtoto wa tawi la chini la ukoo wa Hyuga. Kapigwa muhuri wa laana kwenye paji la uso tangu mdogo, na baba yake kafa badala ya pacha wake, mkuu wa ukoo. Kichwani mwake kila kitu kimeshaandikwa: aliyezaliwa juu yuko juu, na aliyefeli atafeli mpaka kaburini. Mbele yake kasimama mtoto aliyeanguka mtihani wa shule ya ninja mara tatu, na kilichomwangusha ni ile mbinu ya kujigawa miili. Naruto anamshinda kwa mbinu ya aina hiyohiyo, ya kujigawa. Anaacha mwili wa bandia juu ya ardhi, yeye anachimba chini kwa chini, anaibukia kwenye kidevu cha Neji na ngumi. Kipindi hicho nilikuwa narudia darasa. Wakubwa walishanipa nasaha za kila aina, na hakuna hata moja iliyonikaa kama ngumi ile.

Halafu polepole tukaanza kupewa habari. Baba yake ni Minato, Hokage wa Nne. Sawa, nywele zilishasema. Mama yake ni wa ukoo wa Uzumaki, watu wenye uhai wa ajabu. Sawa, nayo tuimeze. Kisha vitani kabisa Mzee wa Njia Sita, mwanzilishi wa ninja wote, anamtokea na kumweleza kwamba ndani yake amerudi Asura, mwanawe, na ndani ya Sasuke amerudi Indra, kaka yake Asura, na kwamba ugomvi wao una umri mkubwa kuliko vijiji vyote. Hapo nilifunga kompyuta. Wakati huo Neji alishakufa, akiwakinga Hinata na Naruto kwa mwili wake. Alikuwa na haki ya kufufuka aulize: kumbe nilichokuwa nikisema siku ile kilikuwa kweli?

Upo utetezi, na ni vizuri uusikie kabla hujatupa jiwe. Katika hadithi yenyewe, mwenye kipaji cha kuzaliwa ni Indra. Asura ndiye aliyekuwa nyuma, akajifunza kwa taabu na kwa kusaidiwa na watu. Kwa hiyo kumrithi Asura si kurithi wepesi wowote. Utetezi huo nimeukubali nusu. Nusu nyingine nagoma kwa ajili ya Rock Lee. Kijana hana ninjutsu, zile mbinu za kimiujiza za ninja, hata moja, alitembea na vyuma vizito miguuni ili ajikomaze, akafungua milango mitano ya mwili wake mbele ya Gaara na bado akapondwa mkono na mguu. Hadithi ilipoanza kugawa urithi wa miungu, Lee aliachwa pembeni ya uwanja.

Kaguya ni ugonjwa mwingine. Madara alijengwa kwa subira. Tulimwona mtoto mtoni akirusha mawe na Hashirama, Hokage wa Kwanza wa baadaye, wakiota kijiji kimoja ambamo watoto hawatafia vitani. Tukamwona akiwapoteza wadogo zake, akiuacha ule urafiki, akikata tamaa na binadamu wote. Ubaya wake una hoja unayoweza kukaa na kuipinga. Sasa siku ya ushindi wake, Zetsu Mweusi anamchoma na kumwambia kwamba alikuwa kibaraka tu, na kwamba hata lile jiwe la maandishi la Uchiha aliloliamini lilichezewa, ili siku moja arudi Kaguya, mama yake Mzee wa Njia Sita. Jina la mwanamke huyo lilianza kusikika vita ikiwa imeshaiva. Wajapani wanaye Kaguya wao tangu utotoni, binti wa mwezini katika hadithi ya kale ya mzee mkata mianzi, kwa hiyo labda mtazamaji wa kule alikuwa na pa kumshikia. Sisi alitufikia kama mgeni aliyeingia msibani siku ya tatu akaanza kuwapangia watu zamu za jikoni.

Kuja kwake ghafla ningemsamehe. Nisichomsamehe ni kumpokonya Madara makosa yake. Ukirudi kule mtoni baada ya Kaguya, unakuta watoto wawili ambao hawakuchagua lolote, na tukio lililokuwa kubwa limesinyaa. Kwa kipimo changu, huo mgeuko umefeli.

Hapo hapo nakuomba utenganishe deni la mtunzi na ndoto zako, maana wengi tunazichanganya. Mimi nilishajiaminisha kwamba Neji ataishia kuwa mkuu wa ukoo wa Hyuga. Nani aliniahidi? Hakuna. Kilichoahidiwa, tena kwa mdomo wa Naruto mwenyewe, ni kwamba akiwa Hokage atawabadilisha Hyuga. Hilo mdai Kishimoto bila aibu. Cheo cha Neji ni changu mwenyewe, nilikitunga kitandani. Na ukikitazama kifo chake bila hicho cheo, kina mantiki: Naruto anamuuliza kwa nini amefanya hivyo, anajibiwa kwa sababu uliniita mwenye kipaji, na ule muhuri wa paji la uso unafutika. Bado nakichukia. Lakini siwezi kusema nimedanganywa.

Jambo jingine, ujue kazi hizi zinavyotoka. Naruto ilichapwa kwenye Weekly Shonen Jump, gazeti la Kijapani la hadithi za kuchorwa, kuanzia 1999 hadi Novemba 2014, sura 700, kila wiki isipokuwa mapumziko. Gazeti hilo huwapa wasomaji kura za kuchagua wanachokipenda, na hadithi ikishuka hukatwa. Ukiwa na mshindo kila wiki kwa miaka 15, adui wa mwisho lazima amzidi wa jana, na baada ya Madara palikuwa pamebaki miungu tu. Video nayo ikaongeza chumvi: dunia nzima imeshalazwa usingizi, tunasubiri pambano, sisi tunapelekwa kwenye ndoto ya Tsunade, Hokage wa Tano, kuanzia sehemu ya 432 hadi 450. Bando langu liliishia humo. Ruka bila huruma. Ukichoshwa na video, soma manga, yaani hadithi yenyewe ya kuchorwa. Sura zinakwenda mbio, na hasira nyingi ambazo watu humwelekezea mtunzi zinapungua zenyewe.

Na hakikisha unamkasirikia mtu anayestahili. Fullmetal Alchemist ya 2003 iliipita manga ikiwa bado inaandikwa, ikajitungia mwisho wake; ya 2009, ile ya Brotherhood, inafuata manga. The Promised Neverland msimu wa pili, 2021, iliruka Goldy Pond yote, sehemu ambayo wasomaji waliisubiri kwa hamu, kisha ikamaliza kwa haraka. Aliyetazama video tu akaapa kutomsoma mtunzi yule tena, amejinyima. Kuna nyingine mpya zaidi, ya mtu mwenye kitambaa machoni, ambayo ningeitolea mfano mrefu, lakini wengi mnaofuata video hamjafika. Nanyamaza.

Kumtukana mchoraji kwenye mitandao, hapana. Bishaneni kijiweni, inatosha na ni tamu zaidi.

Mimi siku hizi nina njia yangu ya kuiangalia. Nikitaka Naruto iliyonilea, naanza mwanzo na naweka nukta pale anaporudi kutoka kuzungumza na Nagato, aliyekibomoa kijiji, na kijiji kilichomtenga tangu utoto kimejaa njiani kumpokea. Baada ya hapo naokota. Kakashi na Obito wakipigana ngumi kwa ngumi huku wakikumbuka utoto wao. Naruto na Sasuke kwenye Bonde la Mwisho, hadi nguvu za mababu zinapowaishia, wanabaki na mikono yao, na kila mmoja anapoteza mmoja. Na juu ya yote, Might Guy akifungua mlango wa nane mbele ya Madara. Mwalimu wa Lee, mtu asiye na ukoo wa kutambia wala jicho la ajabu, anamvunjavunja Madara mpaka Madara mwenyewe anakiri kwamba kwa taijutsu, mapigano ya ngumi na mateke, hajawahi kukutana na mwingine kama yeye. Kama na wewe unadai haki ya Lee, iliyolipwa ni hiyo.

Dogo nimempa orodha hiyohiyo. Akasema sawa, ila Kaguya atamruka mzima mzima. Nimemkataza. Obito anafia humohumo akimkinga Kakashi, na Sakura, ambaye tumemsema miaka yote kwamba hana kazi, anamshukia Kaguya na ngumi ya kichwani mpaka pembe inavunjika.