Kwa nini nilipiga makofi Bunkeya

Lubumbashi, mwezi wa nane

Mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma jana usiku, nikaurudia asubuhi kabla ya kwenda sokoni. Unauliza: "Mama, ni kweli ulipiga magoti kwenye kaburi la Msiri? Kambo si alituambia huyo ndiye aliyeuza watu wetu?" Ni kweli, nilipiga magoti kwenye kaburi la mfalme huyo. Na Kambo, bibi yetu, hakukudanganya. Ngoja nikueleze, maana naona imekuuma.

Yule rafiki yangu Muyeke, wa kabila la Msiri, ninayeuza naye unga alifiwa na mama yake mwezi wa saba. Nikamsindikiza kwenye kilio kwao. Tulipita Likasi, halafu ni vumbi tupu hadi Bunkeya, uliokuwa mji wa Msiri hapa Katanga. Baada ya mazishi wazee wakasema mgeni haondoki bila kusalimia wafalme waliolala pale. Tukavua viatu. Unapiga magoti, unakunja viganja kidogo ili sauti iwe nzito, unapiga makofi polepole, kama tunavyosalimia wakubwa hata kwetu. Mikono yangu ilikataa kwanza. Sisi ni Basanga, mwanangu. Basanga ndio waliomwasi Msiri mwaka 1891, wakaufanya mji wake ulale njaa.

Kambo alinisimulia habari hizo tukitwanga mihogo. Msiri alikuja kutoka Unyamwezi, mwana wa mfanyabiashara aliyefuata shaba yetu. Alikuja na bunduki, na mwenye bunduki wakati ule alikuwa mfalme. Pembe, chumvi, shaba na watu, vyote vilipitia mkononi mwake: vingine kuelekea pwani ya Zanzibar, vingine kuelekea Benguela, pwani ya Angola, na baruti ikirudi kwa njia hizo hizo. Dada ya mama yake Kambo alichukuliwa akiwa msichana, akapelekwa upande wa Angola, hakurudi. Hayo si maneno ya wazungu. Ni ya nyumbani kwetu.

Lakini shuleni tulifundishwa habari nyingine, na hiyo ndiyo iliyonisumbua nikiwa nimepiga magoti pale. Tuliambiwa Msiri alikuwa mnyama, ua wake umezungukwa na mafuvu ya watu, ndipo wazungu wakaja kutuokoa. Mafuvu yalikuwepo, wageni waliofika Bunkeya waliyaona. Ila hebu tazama waliokuja kutuokoa walitaka nini. Mwaka 1890 Alfred Sharpe alileta mkataba wa Waingereza, Msiri akamrudisha mikono mitupu. Mwaka uliofuata akaja Stairs, ametumwa kwa ajili ya mfalme Leopold wa Ubelgiji, naye akataka bendera ya Leopold ipandishwe. Msiri akazidi kusitasita, akaondoka usiku akaenda kijiji cha jirani. Tarehe 20 Desemba 1891 Stairs akamtuma kapteni Bodson na askari wamkamate. Bodson akampiga risasi, na yeye mwenyewe akapigwa palepale, wakafa wote wawili. Askari wale wengi waliajiriwa Zanzibar, mwanangu. Walikuwa wakisema lugha hii ninayokuandikia.

Wenyeji husimulia kwamba kichwa cha Msiri kilikatwa, kikatundikwa mtini, kisha kikachukuliwa. Mzee mlinzi alituambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayesema habari ya msiba wa jana: "Humu amelala bila kichwa." Basi nikafikiri: waliosimulia sana habari ya mafuvu ya Msiri, mbona hiki hawakutufundisha? Utumwa wa Msiri haukuwakosesha usingizi. Walichokitaka ni shaba. Na walipoipata, babu zetu walienda kuichimba kwa viboko.

Sasa usinielewe vibaya. Vijana wa siku hizi wanamwita shujaa, wanavaa fulana, wanasema alikufa akiilinda Kongo. Hapana. Kongo yetu hii hakuijua. Alilinda ufalme wake, ufalme aliokuwa ameunyang'anya kwa wengine, wakiwemo sisi. Alikataa kuuza nchi, lakini watu aliwauza. Mimi siwezi kuondoa neno moja kati ya hayo mawili ili nimpende au nimchukie vizuri zaidi. Nilijaribu njia nzima ya kurudi, kuanzia Bunkeya hadi Likasi, nikashindwa.

Mikono ilikubali mwishowe kwa sababu ya rafiki yangu. Alikuwa pembeni yangu, macho yamevimba, mama yake hata siku tatu hajamaliza udongoni. Nikapiga makofi. Nilipomaliza nikamwambia yule mzee, kwa heshima lakini bila kuficha, kwamba mimi ni Musanga na kwamba mtu wetu alichukuliwa kutoka hapa akauzwa. Rafiki yangu akashtuka. Mzee hakukasirika. Alikaa kimya kidogo, akaniuliza: "Jina lake nani?"

Sikulijua. Miaka yote ile kwenye kinu, Kambo alimwita tu "dada ya mama", nami sikuwahi kuuliza. Mzee akangoja, akaona sina la kusema, akapiga makofi mara mbili kuelekea magharibi, njia ya Angola, tukaondoka.

Mjomba wako wa Likasi ndiye mkubwa aliyebaki upande wa Kambo. Masikio yamepungua lakini kichwa bado kizuri. Ukija Desemba, pitia kwake kabla ya kufika kwangu, ukae naye asubuhi kabla hajachoka, umuulize jina hilo. Uliandike.

Mama yako