Hospitali za misheni hazikufungwa mwaka 1977

Wapo wanaodhani kwamba sheria ya mwaka 1977 ilifuta hospitali zote zisizo za serikali Tanzania Bara. Hapana, haikufanya hivyo. Ilichopiga marufuku ni tiba ya kibiashara, na mashirika yaliyoidhinishwa, hasa ya dini, yaliruhusiwa kuendelea. Na katika baadhi ya wilaya ambazo serikali haikuwa na hospitali yake, ile ya misheni ilifanywa Hospitali Teule ya Wilaya, nayo serikali ikachangia mishahara na gharama za uendeshaji. Nimekulia jirani na mojawapo: aliyetupima alikuwa sista, aliyetupa vidonge dirishani alikuwa mtumishi aliyelipwa na serikali, na mgonjwa hakuona mpaka wowote kati yao. Madaktari binafsi waliruhusiwa tena kutibu kwa faida sheria hiyo iliporekebishwa mwaka 1991, ilhali wagonjwa walianza kuchangia gharama za matibabu katika hospitali za serikali mwaka 1993. Mambo haya mawili yasichanganywe, kwa kuwa la pili ndilo lililomgusa mkulima mfukoni. Zanzibar ina sheria zake, kwani afya si jambo la Muungano.