Buluu imepotea, njano haikuja

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa sayansi ya chakula. Napima nitriti, chumvi ya kuhifadhia nyama, kwenye soseji kwa TMB (kemikali isiyo na rangi inayoweza kugeuka buluu), haidrojeni peroksaidi na chembe za nano za oksaidi ya chuma. Mchanganyiko ulikuwa buluu, lakini nilipotia maji ya soseji ukawa angavu kama maji ya kunywa. Ina maana nitriti imezidi sana? Na chuma kinafanyaje kazi ya kimeng'enya?

JIBU: Usiandike matokeo hayo, tafadhali. Nitriti haiondoi rangi. Huipeleka buluu kwenye kijani, kisha njano.

Kuhusu chuma, mwaka 2007 watafiti wa China walionyesha kwamba chembe hizo hufanya kazi kama kimeng'enya cha peroksidesi, kile kinachotumia peroksaidi kunyang'anya vitu vingine elektroni. Zikipata peroksaidi, huinyang'anya TMB elektroni, nayo inageuka buluu. Kwenye asidi, nitriti huungana na buluu hiyo ikawa njano. Buluu ikitoweka bila njano kuja, kuna kitu kimeirudishia TMB elektroni zake. Kwenye soseji mimi hushuku kwanza vitamini C: watengenezaji huitia makusudi pamoja na nitriti, ili nyama ishike rangi upesi na nitrosamini, kemikali zinazoweza kuleta saratani, zipungue.

Yalinikuta. Nilishaandika "nyingi mno" daftarini kwa sampuli sita. Roho haikutulia, nikadondosha kipande cha kidonge cha vitamini C kwenye neli yenye buluu tupu, bila nyama, bila nitriti. Buluu ilianza kufifia pale chini kidonge kilipotua, weupe ukapanda taratibu mpaka juu. Nilizikata zile sampuli zote sita kwa kalamu nyekundu. Fikiria mtu angeambiwa chakula chake ni hatari kwa sababu ya vitamini!

Sasa gawa sampuli yako mara mbili. Nusu moja iongezee nitriti unayoijua kiasi chake, tuseme miligramu 10 kwa lita. Tofauti ya nusu hizo ikisoma 4 badala ya 10, kuna kinachoila, na vitamini C huila nitriti hasa ndani ya asidi. Soma njano kwenye mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanometa 450, usitegemee kupungua kwa buluu kwenye 652. Njia ya Griess ya mwaka 1879, ile ya kupima nitriti kwa rangi ya waridi, itakufaa kulinganishia, ila nayo vitamini C huisumbua, kwa hiyo huko pia ongeza nitriti hivyo hivyo.

Niandikie nusu uliyoiongezea imesoma ngapi.