Siasa za kutisha watu Marekani: kisu kimeanza kuwa butu

Ndugu, umeuliza kama wanasiasa wa Marekani bado wanaweza kushinda kwa kuwatia watu hofu tu. Nionavyo, kisu hicho kimeanza kuwa butu, ila hakijavunjika.

Angalia Novemba 2004. Majimbo 11 yalipiga kura siku moja kuhusu kupiga marufuku ndoa za jinsia moja, na yote yakapitisha. Miaka 8 tu baadaye, Maine, Maryland na Washington zikaziruhusu kwa kura ya wananchi wenyewe.

Ila Kansas ndiyo inayonigusa zaidi. Trump alilichukua jimbo lile 2020 kwa asilimia 56. Agosti 2022, wiki chache baada ya Mahakama ya Juu kufuta haki ya kutoa mimba kitaifa, wapiga kura wa Kansas wakaulizwa: tuiondoe haki hiyo na kwenye katiba ya jimbo letu? Asilimia 59 wakasema hapana. Tena ilikuwa siku ya kura za mchujo, siku ambayo wasio na chama kwa kawaida hubaki nyumbani. Safari hii walijipanga foleni kwa ajili ya swali hilo, na waliopiga kura wakapita 900,000!

Lakini tusijidanganye. 2018 Trump alitisha watu kwa msafara wa wahamiaji waliokuwa wakielekea mpaka wa Marekani, chama chake kikapoteza Baraza la Wawakilishi. 2024 akarudi na habari ileile ya mpaka, akashinda. Safari hiyo aliwakuta watu wanalia na bei ya mayai na kodi ya nyumba, na naamini hilo ndilo lililombeba zaidi.