Anzeni na taka za masoko

Ndugu, umeuliza Dar ianze na mabasi au taka ili kupunguza gesijoto. Mabasi yafuate, lakini taka za masoko hazihitaji kusubiri. Mikungu na maganda kutoka soko la Mahakama ya Ndizi, Mabibo, yakirundikwa dampo huoza bila hewa na kutoa methani, gesijoto ambayo kwa miaka 100 hupasha joto takriban mara 28 kuliko hewa ukaa ya uzito uleule. Tenganisheni palepale kwenye vizimba, kabla mifuko haijachanganyika. Kisha zigeuzeni mboji: rundo lisizidi kimo cha mita 1.5, ligeuzwe kila wiki. Likinuka kama yai viza limekosa hewa, na methani imerudi. Na mkihesabu gesijoto za mkaa unaotumika Dar, tafadhali hesabuni hadi moshi wa matanuri ya mikoani unakochomwa.