Jibu: Kununua simu ambayo bado ina mkopo

Ndugu yangu, usiichukue simu hiyo kwanza. Umesema kijana wa Darajani anakuuzia kwa bei nafuu, imebaki miezi mitatu ya mkopo, na kakuahidi ataendelea kulipa mwenyewe. Hapo ndipo penye hatari: deni liko kwa jina lake, simu iko mkononi mwako. Siku akiacha kulipa, simu inajifunga, unabaki na ujumbe wa kudaiwa tu kwenye kioo. Wala fundi asikudanganye kuwa ataiflashi (kuifuta na kuiwekea programu upya) ikatulia. Mara nyingi kufuli limefungamana na IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu yenyewe, ukiwasha intaneti linarudi.

Kama umeipenda kweli, nendeni pamoja duka alilokopea. Lipa deni wewe mwenyewe pale pale, kwa namba ya mkataba wake, usiondoke mpaka wathibitishe limekwisha na kufuli limetolewa. Kinachobaki ndipo umpe mkononi, mwandikiane kwa sheha. Lakini kabla ya yote bonyeza *#06#, linganisha IMEI itakayotokea na ya kwenye boksi, kisha itume kwa SMS kwenda 15090, namba ya TCRA ya kuhakiki simu, uone kama aina ya simu inayorudi ndiyo hiyo. Akikataa kwenda dukani, mwachie simu yake.